Uzi: Kutunga kipande cha klarineti na piano chenye ladha ya nyimbo za jadi

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Kila mtu akiuliza namna ya kutunga kipande cha klarineti na piano chenye ladha ya nyimbo za jadi, jibu linalomjia haraka ni hili: tafuta melodi, iwekee chodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), mpe mpiga klarineti, kazi imekwisha. Mimi napinga, na napinga kwa sababu nazipenda mno hizo melodi. Nitaeleza kwa mfano wa kipande ninachokiandika sasa. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Ninachosema ni kwamba sauti za piano lazima zitoke ndani ya melodi yenyewe. Ukienda kuziazima kwingine, melodi inageuka mgeni kwenye kipande chake.

Melodi hii nimeitunga mwenyewe kwa kufuata tabia ninazozikuta katika nyimbo nyingi za jadi: noti chache, mistari mifupi, marudio, na mwisho unaoshuka. Ina noti tano tu, D, F, G, A na C. Kila mstari una mapigo saba yaliyogawanyika mawili, mawili, matatu. Ubeti una mistari minne. Kwa wanaosoma sol-fa (d ni do, r ni re, m ni mi, s ni so, l ni la; mkato baada ya l ni la ya chini, kistari ni kushikilia noti), chukulia F ndiyo do:

l, d | r m | s m r
r m | r d | l, – –
s s | m r | m – r
r m | r d | l, – –

Iimbe mara mbili tatu kabla hujaendelea kusoma. Utaona re na mi zinakutana katika kila mstari. Hapo ndipo uhai wa melodi ulipo. Halafu sikiliza inavyorudi kwenye la. Haipandi kutoka nusu sauti iliyo chini yake. Inashuka kutoka do, sauti moja na nusu, na kukaa. Mshuko huo una utulivu ambao siutoi kwa bei yoyote.

Sasa mwite mtu wa chodi za kawaida. Ataweka D maina, G maina, na karibu na mwisho ataweka A meja ili kurudi D kwa nguvu. A meja ina C shapu ndani yake, yaani C iliyopandishwa nusu sauti. Melodi ina C ya kawaida, tena ndiyo noti ya juu kabisa, ile inayosikika kuliko zote. Mbili hizi zikigongana, mara nyingi mtunzi huirekebisha melodi ili ikubaliane na piano, na hapo wimbo umeshaharibika. Hata zisipogongana, A meja inausukuma mwisho ambao haukuomba kusukumwa.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Zile noti tano ukizipanga juu kwa juu kwa umbali wa nne (kama kutoka do kwenda fa), unapata A, D, G, C, F. Zote tano zimo, hakuna iliyobaki nje, na kila hatua ni nne kamili. Skeli ya noti tano ya aina hii siku zote hupangika hivyo. Piano inachukua vipande vya mpangilio huo: mara D-G-C, mara A-D-G, mara C na F peke yake. Mwisho wa mstari wa pili na wa nne mkono wa kushoto unaacha D na A wazi, bila F katikati, kwa sababu klarineti imetoka kuisema F sasa hivi na sikio bado linaishika. Piano ikiirudia inakuwa inamweleza msikilizaji jambo analolijua.

Tuje kwenye klarineti. Bomba lake ni la upana mmoja kwa sehemu kubwa, na upande wa kinywa linafanya kazi kama bomba lililozibwa. Kwa sababu hiyo mpigaji akibonyeza kitufe cha kurukia juu, sauti hairuki oktavu moja kama kwenye filimbi. Inaruka oktavu moja na umbali wa tano (kama kutoka do kwenda so) juu yake. Pengo hilo limejazwa kwa vitufe vya ziada, na noti zake, G, G shapu, A na B flati zilizo katikati ya mistari mitano, huwa na sauti hafifu kidogo kuliko majirani zao. Kisha kutoka A hiyo kwenda B ya mstari wa katikati, mpigaji anatoka kwenye noti ambayo karibu vidole vyote vimeinuka na kuingia kwenye noti inayotaka vidole vyote vifunike matundu kwa wakati mmoja. Hapo ni pa kuvukia, na kila mwanafunzi wa klarineti anapajua kwa jasho.

Klarineti ya B flati inasikika sauti nzima moja chini ya kilichoandikwa. Melodi yangu ikiachwa kwenye D, zile re na mi zake, yaani G na A, zitaandikwa A na B. Palepale pa kuvukia, katika kila mstari! Mahali penye uhai wa melodi pangekaa kwenye sehemu ngumu kuliko zote za ala.

Ndiyo maana D imebaki kwenye karatasi ya kazi tu. Ubeti wa kwanza nimeushusha mpaka G. Zinasikika G, B flati, C, D na F, kuanzia G iliyo chini ya C ya kati. Mpigaji anasoma A, C, D, E, G, zote chini ya pa kuvukia, na ukiacha hiyo G ya juu zimo katika eneo linaloitwa shalumo, lenye sauti nene, ya giza. Ubeti wa mwisho nimeupandisha mpaka A. Zinasikika A, C, D, E na G, na mpigaji anasoma kuanzia B ya mstari wa katikati hadi A iliyo juu ya mistari. Zote zipo juu ya pa kuvukia. Melodi haijabadilika hata noti moja, ila sauti utadhani ala ni nyingine.

Kipande kinatokaje G kwenda A? Linganisha zile noti tano za kila upande. G ina G, B flati, C, D, F. A ina A, C, D, E, G. Zinashirikiana C, D na G. Zilizobaki zinashuka nusu sauti tu: B flati inakuwa A, F inakuwa E. Kwa hiyo katika beti zote za mwanzo noti A na E nimezinyima kabisa, si kwenye klarineti wala kwenye piano. Piano inashikilia C, D na G, halafu B flati inateleza kwenda A, na baada ya mapigo kadhaa F inakwenda E. Msikilizaji anapata noti mbili mpya kwa mara ya kwanza katika kipande kizima, na papo hapo klarineti inaingia juu. Piano imeshuka, klarineti imepanda. Sehemu hii naipenda kuliko zote nilizoandika humo.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Klarineti inahesabu saba. Piano nimeipa mdundo wa mapigo manne unaojirudia mkono wa kushoto. Mistari minne ya saba ni mapigo 28, na mdundo wa nne ukirudiwa mara saba ni 28 vilevile. Wanaachana mwanzoni mwa ubeti na kukutana tena ubeti unaofuata unapoanza. Katikati hapo hakuna pigo zito linalowaangukia wote wawili mwanzoni mwa mstari, na melodi inaelea bila kupotea.

Karibuni.

#2 Mpiga klarineti

Mkuu, nimesoma yote. Kama mpigaji nakushukuru kwa kutuwazia vidole, wengi hawatuwazii. Niongeze machache.

Pa kuvukia si mwiko. Kwenye mwendo wa taratibu tunapita bila shida, kwa sababu tunapopiga ile A tunaweza kuacha vidole vya mkono wa kulia vimeshafunika matundu. Sauti ya A inanona kidogo na kwenda B kunakuwa kwepesi. Tatizo ni mapambo ya haraka. Ukiandika noti ndogo ya kurukia kutoka A kwenda B na kurudi, tena na tena, kwa mwendo wa dansi, utapata kelele za vitufe badala ya pambo. Kwa hiyo uamuzi wako wa G na A ni sahihi, hasa kama unataka mapambo kwenye re na mi.

Kuhusu kupinda sauti. Watu wengi wakisikia klarineti na muziki wa jadi wanataka ile sauti inayoteleza. Kuteleza kwenda chini kwa kulegeza mdomo na kubadilisha nafasi ya ulimi kunawezekana vizuri eneo la juu. Kule shalumo noti zimekaa imara, hazipindi sana. Basi usipoteze muda kuniandikia mipindo kwenye ubeti wa kwanza. Iweke yote ubeti wa mwisho. Kwenye mstari wako wa tatu, zile so mbili zinazofuatana, ya kwanza iache safi, ya pili niiinue kutoka chini. Itasikika kama mtu anayesema neno lilelile mara ya pili kwa uchungu zaidi.

Pia klarineti inaweza kuanza noti kutoka kimya kabisa bila kugonga ulimi, na hakuna ala nyingine ya kupuliza inayoifikia kwa hilo. Ile G ya kwanza iandike hivyo.

#3 Mchangiaji

Samahani wakuu, mimi nina mawazo tofauti. Hizi hesabu za 28 na noti za kunyimwa, msikilizaji wa kawaida atazisikia wapi? Nyimbo za jadi ni za watu. Mtu anaimba, wengine wanaitikia, basi. Nikiweka A meja pale mwisho watu wanatulia, wanajua wimbo umefika. Naona mnaupeleka mbali na wenyewe.

#4 Mleta uzi

Ndugu, hoja yako naiheshimu na nataka kuijibu kwa uzito.

Msikilizaji hahitaji kuhesabu 28. Atasikia kwamba piano na klarineti zinatembea njia zao na kwamba zikikutana, ubeti unaanza upya. Hilo linasikika hata na mtoto. Hesabu ni yangu mimi mezani.

Kuhusu A meja, nafikiri tunatofautiana kwenye neno "watu wanatulia". Wanatulia kwa sababu wamezoea mwisho wa namna hiyo kutoka muziki mwingine. Waimbaji wa melodi isiyo na C shapu hawakuihitaji ili wajue wimbo umefika. Walifika kwa kushuka. Nikiwawekea A meja nawaambia kwamba mwisho wao haukutosha, na mimi naamini ulitosha.

Na si kwamba kuna njia moja tu. Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria aliyezunguka vijijini kurekodi nyimbo kwa fonografu (mashine ya zamani ya kurekodi sauti), aliandika mwaka 1931 kwamba mtunzi anaweza kuchukua melodi ya wakulima kama ilivyo na kuiwekea usindikizaji, au kutunga ya kwake inayoiga, au kuuzamia muziki huo mpaka ukawa lugha yake ya asili bila kuchukua wala kuiga melodi yoyote. Mimi kwenye kipande hiki nimesimama kwenye njia ya pili. Wewe unaweza kwenda ya kwanza na ukafanya kazi nzuri sana.

Kwa kusikiliza, anza na mtunzi Ralph Vaughan Williams, kazi yake ya 1926 ya nyimbo sita za jadi za Uingereza. Aliiandikia selo na piano, na klarineti ni mojawapo ya ala alizoruhusu ziipige badala ya selo. Tano ni za polepole, ya sita tu ndiyo inakimbia. Sikiliza jinsi piano inavyosogea kando. Halafu nenda kwa Witold Lutosławski, Preludia taneczne za 1954, dansi tano fupi za klarineti na piano zilizotokana na nyimbo za jadi za Poland. Zote pamoja ni kama dakika 10. Humo kuna mahali klarineti na piano hazihesabu sawasawa, kila moja na mgawanyo wake wa mapigo, na bado mwili unataka kucheza. Watu wanaipenda, na hakuna aliyewafundisha hesabu zake.

#5 Mpiga piano

Naomba kuingia upande wa piano, maana mleta uzi umetupita haraka.

Hizo chodi za nne nne ni nzuri lakini ukizishusha mkono wa kushoto chini ya oktavu ya C ya kati, zote zikiwa zimebanana, zinakuwa uji. Chini kabisa weka noti mbili tu zilizo mbali, tano au oktavu. Zile nne zipandishe juu.

Pili, ubeti wako wa kwanza klarineti ipo kati ya G chini ya C ya kati na F juu yake. Hilo ndilo eneo ambalo mikono yote miwili ya mpiga piano hupenda kukaa. Mkikaa wote humo klarineti itamezwa, na kumwambia mpiga piano apige taratibu hakutoshi. Fungua nafasi: kushoto kae chini yake zaidi ya oktavu, kulia kapande juu yake zaidi ya oktavu, katikati paachwe patupu. Sauti nene ya shalumo itasikika yote.

Tatu, pedali. Ukiishikilia pedali ya kulia na piano ikanyamaza, klarineti ikipigwa karibu na kifuniko kilicho wazi, nyuzi za piano zinaitikia zenyewe noti zile zilizopulizwa. Kwa melodi ya noti tano ni jambo zuri sana, kwa sababu mwitikio unaojikusanya ndani ni hasa zile noti tano, ndizo hizohizo chodi zako. Mwambie mpiga klarineti asogee, aelekeze mdomo wa ala kwenye nyuzi. Mimi ningefanya hivyo kati ya ubeti wa kwanza na wa pili.

#6 Mleta uzi

Mkuu, hiyo ya tatu naichukua leo hii. Inathibitisha kile ninachokitetea kuliko maneno yangu yote: piano inapata chodi yake kwa kuisikiliza melodi tu. Ubeti wa pili nitaufanya piano ndiyo iimbe melodi, mkono wa kulia peke yake, na klarineti ishike G ndefu chini.

#7 Mwanafunzi

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo naanza kutunga. Kuna wimbo wa kubembeleza mtoto nimeusikia kwenye rekodi, unaimbwa na mama mmoja bila ala. Nataka kuufanyia kazi kwa klarineti na piano. Naanzia wapi? Na je, baadhi ya noti anazoimba sizipati kwenye piano, ni mimi nasikia vibaya?

#8 Mleta uzi

Marahaba. Husikii vibaya. Piano imegawa oktavu sehemu 12 zilizo sawa, na sauti ya mtu haikufungwa na mgawanyo huo. Usimsahihishe mwimbaji. Weka alama juu ya noti hizo, mshale wa kupanda au kushuka, na uzipe klarineti, kwa sababu mpigaji anaweza kuzisogeza kidogo kwa mdomo au kwa vidole mbadala. Kwenye noti hizo piano inyamaze, au ipige noti iliyo mbali nayo. Ukiiweka piano kwenye noti ileile, klarineti itasikika haina tuni na lawama zitamwendea mpigaji.

Anza kwa kuandika beti zote, usiishie ya kwanza. Mwimbaji wa wimbo wa kubembeleza mara nyingi habadilishi melodi kwa makusudi, lakini maneno yanamlazimisha: hapa silabi imezidi, noti imegawanyika mbili, pale pumzi imemwishia, mstari umefupika pigo moja. Tofauti hizo ndogo ni mali. Mtunzi mwingine angetafuta mapambo yake mwenyewe kwa ubeti wa pili na wa tatu, wakati mwimbaji amekwisha kukupa. Na hilo pigo moja lililopungua usilirudishe ili vitabu vipendeze. Badilisha hesabu ya baa hiyo (kipande cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima), iwe tano badala ya sita, mpiga piano atahesabu.

Halafu haki. Rekodi ina mwenyewe hata kama wimbo ni wa zamani na haujulikani ulitungwa na nani. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo waulize wanaoimiliki hiyo rekodi, na kama mama huyo yupo hai aulizwe yeye kwanza. Kwenye karatasi andika wazi kwamba ni wimbo wa jadi, umeimbwa na nani, na wewe umeupanga kwa klarineti na piano. Usiandike "umetungwa na".

#9 Mpiga klarineti

Kwa mdogo wetu hapo juu: wimbo wa kubembeleza, kama noti zake zinaruhusu, uweke shalumo na uandike alama za pumzi palepale mwimbaji alipovuta pumzi. Mimi naweza kuunganisha mistari miwili kwa pumzi moja, na nisipoona alama nitaunganisha. Nikiunganisha nimeuondoa mwili wa yule mama kwenye wimbo.

#10 Mwanafunzi

Asanteni sana. La mwisho: kwenye nakala ya mpiga piano, mstari wa klarineti niuandike kama anavyousoma mpiga klarineti au kama unavyosikika?

#11 Mpiga piano

Zote mbili zipo sokoni. Nakala nyingi zilizochapishwa zinaonyesha maandishi ya klarineti yalivyo, yaani yamepandishwa sauti moja. Mimi binafsi kwenye muziki kama huu, ambao chodi zangu zinatoka kwenye melodi, nataka kuona noti zinazosikika, ili jicho na sikio visigombane. Vyovyote utakavyochagua, andika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, pembeni ya jina la ala. Nakala ya klarineti yenyewe iwe imepandishwa siku zote, na zile baa ambazo klarineti inanyamaza mwekee noti ndogo za mkono wangu wa kulia ajue pa kuingilia. Kwenye mdundo wa nne dhidi ya saba atazihitaji.